Sekunde Ishirini na Tano

Tulimzika Byaruhanga siku ya Jumamosi, nyuma ya nyumba yake, kwenye shamba la migomba alilolipanda mwenyewe baada ya kustaafu jeshi. Nilikaa safu ya tatu chini ya turubai, pamoja na wanawake wa mtaa wetu wa Nyamitanga tuliokuja kwa gari moja, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote isipokuwa kile kijitabu. Kijana mmoja wa kamati ya mashindano ya baiskeli alisimama kusema neno. Ni yale mashindano yanayozunguka mkoa wetu kila mwaka kwa siku tano, yaliyolala muda mrefu mpaka vijana hawa walipoyafufua. Alisema marehemu alikuwa mmoja wa mashujaa wa zamani, kisha akafungua kijitabu cha historia ya mashindano, chenye jalada la kijani, akasoma: Koplo Byaruhanga, mshindi wa siku ya kwanza, mshindi wa siku ya tatu; siku ya nne, alijitoa. Watu wakapiga makofi. Mjane wake, ambaye sote tunamwita Mama Peace, hakupiga. Aligeuza shingo taratibu akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata.

Neno lile “alijitoa” niliandika mimi. Kijitabu kimenakiliwa kutoka daftari la zamani la matokeo, na mwandiko wa daftari lile ni wangu, wa mwaka nilipokuwa na miaka ishirini. Byaruhanga hakukanyaga pedeli hata mara moja katika mashindano ya mwaka ule. Aliyeshinda siku ya kwanza na ya tatu aliitwa Salvator, Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Nakivale kama mimi, kutoka upande wa Juru. Na siku ya nne hakujitoa. Alikufa.

Mwaka ule nilikuwa mpishi msaidizi katika nyumba moja ya wageni ng’ambo ya mto Rwizi. Jikoni kulikuwa na madirisha mawili, moja la kutazama ua na jingine dogo la kupitishia sahani kwenda chumba cha kulia. Hili dogo lilikuwa na kibao cha kufungia ambacho hakikufunga sawasawa, na mtu akiinama kwenye sinki aliyasikia maneno ya mezani kana kwamba amekaa nao. Salvator alikuja kila Alhamisi na gunia la maharage kutoka Juru, amelifunga kwa mipira ya tairi kwenye baiskeli ya chuma iliyokuwa nzito hata bila mzigo. Nilimwekea ugali na maharage yenye mafuta ya mawese, kama tulivyopika kwetu, kwa sababu matoke, ndizi za kupika za huku, yalikuwa hayamshibishi. Alikula amesimama mlangoni, sahani juu ya tandiko la baiskeli. Alisema akikaa chini miguu itasahau njia. Alikuwa ameniuliza mara mbili kama nitakubali kuolewa naye, na mara mbili nilimwambia asubiri. Sikuwa na sababu. Nilikuwa na miaka ishirini, nilifurahia kuulizwa.

Jinsi alivyokutana na Byaruhanga, nilisikia kwa Byaruhanga mwenyewe, ambaye hakuchoka kusimulia. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kitimu chao cha baiskeli, walifanya mazoezi asubuhi kabla ya zamu. “Sisi tuko wanne,” alisema, “tuko na baiskeli ya resi, tunapanda kilima. Mimi naangalia nyuma, naona hii mtu na gunia. Nasema, sasa huyu atabaki. Tunafika juu, yeye iko palepale nyuma yangu, na anaimba.” Kuanzia siku hiyo walimsubiri kila Alhamisi pale chini ya kilima, naye hakubaki nyuma hata mara moja.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya zamani kuliko kukaa kwetu Uganda. Watu wazima wa Mbarara walieleza kwamba yalianza na wabeba matoke, waliobishana nani atafika sokoni kwanza, halafu wenye maduka wakaongeza siku, wakaongeza njia, wakaanza kuja waendeshaji kutoka Rwanda na Tanzania wenye kaptura za kubana ambazo akina mama waliziangalia na kucheka. Ilipofika zamu yetu, kila timu ilitakiwa kuwa na watu wanne, wote wenye karatasi za uraia. Majuma mawili kabla ya kuanza, Byaruhanga alivunjika mfupa wa bega akicheza mpira. Timu yao ilibaki na watatu.

Walinialika kula nyumbani kwake, mimi na Salvator. Kilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za familia za askari, kimegawanywa katikati kwa shuka la maua. Mama Peace, wakati ule mke mdogo mwenye mtoto mgongoni, alituletea kalo, ugali wa wimbi, na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, akarudi nyuma ya shuka kumlaza mtoto. Byaruhanga alieleza shauri lake mkono ukiwa umening’inia kwenye kitambaa. Salvator angevaa namba yake na kutumia jina lake.

“Utakuwa mimi siku tano tu,” alisema. “Mwaka kesho nitaongea na wakubwa wa mashindano, wewe utaingia na jina yako mwenyewe. Lakini kwanza waone nguvu yako.”

“Na nikishinda, Afande?” Salvator aliuliza.

“Ukishinda, watu watasema ni mimi. Lakini wewe na mimi tunajua.”

Salvator alinitazama, kisha akatazama baiskeli ya resi iliyotundikwa ukutani. “Miye nakubali,” alisema. “Kitu kimoja tu kinanitisha, ile velo. Ni nyepesi mingi. Naona kama itaniacha fasi nyingine, iende yenyewe.”

Tulicheka. Ndipo Mama Peace aliposema kutoka nyuma ya shuka, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, “Na akianguka, ni nani ameanguka?”

Byaruhanga alimega kalo, akachovya. Nimeishi na swali lile miaka ishirini na saba, na kila ninapolikumbuka nakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyebadilisha mazungumzo, nikaomba nionyeshwe jinsi eshabwe inavyopigwa.

Nami niliingia kwenye mashindano kwa mlango wa jikoni. Wakubwa wa kamati walipanga kwenye nyumba yetu ya wageni, na katibu wao, mwalimu mstaafu aliyezungumza kwa upole kupita kiasi, aliona orodha yangu ya vitu vya sokoni ukutani akaupenda mwandiko. Akaniomba kwa mkuu wa jiko kwa siku tano. Kazi yangu ilikuwa kuandika matokeo jioni, na mchana kukaa nyuma ya pikapu, nikitazama tulikotoka, na saa ya kupimia, chaki, na ubao mweusi. Tulisimama mahali penye alama, daraja au kona, nikapima muda kati ya aliyeongoza na waliomfuata. Halafu dereva alimpita tena yule wa mbele, nikauinua ubao ili asome yuko mbele kwa kiasi gani. Mwendeshaji hana njia nyingine ya kujua. Nyuma yake kuna vumbi na kona. Anauamini ubao kama mgonjwa anavyomwamini daktari.

Siku ya kwanza Salvator alipokuja peke yake kwenye utepe, nilishika kalamu nikakaa nayo. Katibu akaniuliza kama nimemwona vizuri aliyeshinda. Nikasema ndiyo, nikaandika Byaruhanga. Jioni Salvator alipita dirisha la ua, uso umejaa vumbi isipokuwa alama ya miwani, akaniuliza imeandikwaje. Nilimwambia. Alitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imepungua. “Ni sawa,” alisema. “Mama nimeshamwambia ajue ni miye.” Siku ya tatu alishinda tena, lakini mwisho alilegea, wale wa nyuma wakakaribia kumkamata mbele ya watu.

Siku ya nne tulianzia Ngarama, karibu na mpaka wa Tanzania, kurudi Mbarara kwa njia ya vilima vya Isingiro. Nilikuwa nakunywa chai na chapati kando ya pikapu Byaruhanga alipokuja. Alikuwa akifuata mashindano kwa lori la marafiki, na bega lake lilikuwa linamuuma. “Goreth,” alisema, “hii mtu yako akijua iko mbele sana, anapumzika. Jana umeona. Leo ukipima, andika kidogo.”

“Afande, ubao ni wa kweli.”

“Ubao ni wa kumsaidia. Leo akifika wa kwanza, kesho hakuna mtu atamshika.”

Ningependa kuandika kwamba nilikataa akanilazimisha. Hakunilazimisha. Aliniomba, akaenda zake. Na mimi usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeamua kwamba Salvator akimaliza mashindano nitamwambia ndiyo, na nilitaka amalize akiwa mshindi, kwa sababu jibu langu nililiona litapendeza zaidi hivyo. Nilifikiri habari ya jibu langu kuliko nilivyofikiri habari ya njia.

Alijitenga na wenzake mapema. Juu ya kilima kirefu tulisimama, nikapima: dakika mbili na sekunde arobaini. Hakuna aliyewahi kuwa mbele kiasi hicho. Nikachukua chaki nikaandika sekunde ishirini na tano. Dereva akampita, nikauinua ubao. Alikuwa anatabasamu aliponiona. Akausoma, tabasamu likaondoka, akageuka kutazama nyuma ambako hakukuwa na kitu, kisha akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa usukani.

Njia ikaanza kushuka. Pikapu ilipita kona moja, na sisi tulipokwisha kupita, ng’ombe wenye pembe ndefu walianza kupanda barabarani kutoka kwenye majani, mmoja, wawili, halafu kundi lote, nyuma yetu. Mimi nilikuwa natazama nyuma. Niliwaona kabla yake. Alipotokeza kwenye kona ya juu nilisimama, nikaushika ubao kwa mikono miwili nikaupunga juu ya kichwa ili asimame. Nilipiga kelele, lakini upepo ulikuwa umejaa masikioni mwake. Alichoona ni ubao. Aliuangalia, akasoma tena sekunde ishirini na tano, akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Nilipomfikia alikuwa kwenye majani upande wa chini, amelala ubavu kama mtu aliyepumzika, na gurudumu la nyuma la ile baiskeli nyepesi lilikuwa bado linazunguka, tik-tik-tik-tik. Mchungaji wa wale ng’ombe alikuwa amevua kofia. Nilimwita Salvator kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya dereva. Hakuitika. Saa ya kupimia ilikuwa shingoni mwangu, sikuwa nimeizima. Hapo ndipo nilipojua dakika mbili na sekunde arobaini zina urefu gani. Tulikaa hapo, mimi na mchungaji na dereva na ng’ombe, tukakaa, na hakuna aliyekuja. Wale waliokuwa wanamfukuza walipofika hatimaye, walipita kwa kuzunguka mifugo, mmoja mmoja, wakitazama mbele.

Mchana uleule wakubwa walikula chakula kwa kuchelewa. Nilikuwa kwenye sinki, nimerudishwa jikoni kwa sababu mkuu wa jiko alidhani kazi ingenituliza. Sauti ya katibu ilipita kwenye kile kibao.

“Koplo Byaruhanga nimemwona kwa macho yangu, amesimama, anatembea,” alisema. “Basi Koplo Byaruhanga hakufa.”

“Na yule?” mwingine aliuliza.

“Yule ni mpita njia mwenye baiskeli. Tukisema ni mkimbizi aliyeingia kwa jina la mtu, mashindano yamekwisha, leo na miaka yote.”

“Na kesho?”

“Kesho tunaendelea.”

Mtu akaomba chumvi. Nikaipitisha dirishani. Katibu aliuona mkono wangu, akaniita na daftari. Hakunitisha, alisema tu, kwa ule upole wake, kwamba anajua mimi pia natoka kambini, na kibali cha kukaa mjini hakipatikani kirahisi. Niliandika alivyosema. Alijitoa. Mwandiko wangu siku ile ni mzuri kuliko siku zote nne.

Byaruhanga alimzika Salvator, yeye na wenzake watatu, kwenye kona ya makaburi upande wetu wa mto. Katekista mmoja aliomba sala. Wiki iliyofuata mimi na Byaruhanga tulikwenda Juru kumwambia mama yake. Njia nzima alikuwa akirudiarudia atakavyosema. Tulipofika, Mama Salva alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mwanajeshi mwenye mkono uliofungwa, akanitazama mimi, akauliza, “Salva yuko wapi?” Byaruhanga alishika ule mkono wake uliofungwa, akatazama chini. Nikasikia mtu anasema kwamba Salva amevuka kwenda Tanzania, kwa njia ya Ngarama, amepata kazi ghafla. Nilikuwa mimi.

“Hakuniaga?” aliuliza.

“Alikuwa na haraka, mama.”

Uongo ule ulikua kama mtoto. Nilirudi Juru kila Noeli na sukari na sabuni, na kila Noeli Mama Salva aliniuliza kama kuna aliyetoka Tanzania na habari. Miaka ilipokwenda, walipomhamishia kijiji kingine hukohuko Juru, alikataa kufunga vitu vyake mpaka kiongozi wa kijiji alipoandika kwa rangi kwenye mlango wa nyumba ya zamani alikohamia, ili Salva akirudi asipotee. Mvua ilipofuta maandishi, alimwomba ayaandike tena. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafungua duka la kushona Mbarara. Nikiwa kwenye cherehani, mteja akiingiza baiskeli yake uani kwa kuisukuma, na gurudumu la nyuma likilia ule mlio wake mdogo, mguu wangu unasimama wenyewe na uzi unakatika. Na Byaruhanga tulisalimiana tu, sokoni, kanisani, miaka ishirini na saba. Hatukutaja.

Siku ya mazishi yake, watu walipokwisha kula, Mama Peace alinishika mkono akanipeleka jikoni. Alifunga mlango.

“Dada Goreth,” alisema, “mzee alikuwa anaenda kule kwa Salvator kila mwaka. Analima majani, ameweka simenti. Lakini jina hakuandika. Alisema hiyo ni ya mama yake.” Alikaa kwenye kigoda, akasugua magoti. “Mimi magoti imekufa, siwezi kupanda kule. Kaburi nakupa wewe. Na huyo mama, nakupa wewe.”

Jumatatu nilikwenda Juru. Mama Salva ana karibu miaka sabini sasa. Nilimkuta ndani, anachambua maharage kwenye ungo. Tulizungumza Kirundi, hapa naandika maneno yake kama ninavyoweza. Nilimwambia yote bila kukaa, kuanzia shuka la maua mpaka mlangoni kwake. Vidole vyake viliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliuliza nani alimzika, nikamwambia. Aliuliza kama kulikuwa na sala, nikasema ilikuwepo. Halafu akauliza, “Na huo ubao. Uliandika nini?”

“Sekunde ishirini na tano.”

“Na kweli ilikuwa ngapi?”

“Dakika mbili na sekunde arobaini.”

“Mimi sikusoma. Nionyeshe.”

Nilimpeleka mlangoni. Nilimwonyesha nyumba ya jirani, nikasema, kwa ubao, walikuwa pale. Kisha nikamwonyesha kilima ng’ambo ya mashamba ya mahindi, nikasema, kwa kweli, walikuwa nyuma ya kile.

Alitazama kilima muda mrefu. “Kwa hiyo mwanangu alikufa akidhani wanamfikia,” alisema.

Nilisema ndiyo.

Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alinipa mkeka, akalala akinigeuzia mgongo. Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, akaniambia twende.

Nilimwonyesha kona ya makaburi kwa mbali, nikabaki nyuma. Simenti ilikuwa safi, majani yamefyekwa, hakuna jina. Mama Salva alipiga magoti kwa shida, akaweka viganja vyote viwili juu yake kama anayemtuliza mtu mwenye homa. Nilidhani atalia. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ya mama anayemwita mtoto aje ale.

“Salva,” alisema, “wako mbali. Goreth alikosea kuandika, hakuna mtu nyuma yako. Shuka polepole.”